Nyumba Inunuliwe Kisima Kikiwa Kitupu

Newala

Mama yangu,

Sasa hivi tu mjukuu wako Somoe kanifanya niache kufua. Alitoka na kikombe chake cha plastiki, akaenda uani mpaka kwenye kisima, akapiga magoti kama nilivyomfundisha, akasema, "Shikamoo." Kisha akatulia, vile mtoto anavyotulia akingoja kuitikiwa. Akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa, akanyanyuka, akarudi zake ndani kwa mwanasesere wake wa matambara. Uani hapakuwa na mtu, mama. Ndiyo maana nimefuta mikono nikashika kalamu.

Shikamoo na mimi. Mguu umepoa, au bado unaufunga kitambaa na kusema umepona? Nimeandika kwa sababu simu ya mjumbe inasikilizwa na kitongoji kizima, na haya sitaki yafike kwenye mashine ya kusaga kabla hayajafika kwako. Mdogo wangu Kuruthumu akusomee taratibu, asiruke. Aruke tu patakapomtisha.

Sisi wazima. Asubuhi ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma mpaka huoni mlango wa jirani, ikifika saa nne umeondoka, jua linawaka, vumbi jekundu mpaka kwenye ugali. Kinachonishinda ni maji. Kwetu Ifakara maji yanatufuata mpaka chini ya kitanda. Huku juu watu ndio wanayafuata. Bomba linatoka siku linayotaka, siku nyingine tunanunua kwa madumu. Kwa hiyo nyumba nyingi za zamani zina kisima uani, ila si kama vya kwetu. Ni shimo lililojengwa kwa saruji, mvua ikinyesha bati linamwaga kwenye mfereji, mfereji unamwaga humo. Masika kinajaa, watu wanachota mpaka kinakauka. Chetu kimekauka mwezi sasa.

Nasema chetu na bado si chetu, ndiyo habari yenyewe. Nyumba hii inauzwa. Vyumba vitatu, mlango wa mninga, dirisha linaloangalia mikorosho. Ilikuwa ya mama mmoja marehemu, anayeuza ni mwanawe, Baba Shaibu, mwenye duka Masasi. Alituambia, "Kaeni mwezi mmoja muizoee, mkiipenda tuandikishane kwa mtendaji." Leo alasiri anapanda kuja kuchukua jibu. Tukisema hapana, tunarudi kwenye chumba kimoja kwa watu. Tukisema ndiyo, akiba yote aliyoipata Baba Somoe kwa kujengea wenzake nyumba inaishia hapa, na hatuna nyingine.

Huku kila mtu ana msimu wake wa kununua nyumba. Baba Somoe anasema ni sasa, kabla minada ya korosho haijaanza, maana pesa ikishaingia mifukoni mwa watu hata choo kitauzwa bei ya nyumba. Mama mkwe alikuja kutoka Mnyambe, hata kiti hakukaa, akainua macho juu. "Nyumba hainunuliwi jua likiwaka, wanangu. Kiangazi kila bati ni zima. Ngojeni masika, ivuje muione. Tena wakati huo watu wana njaa, bei ataishusha mwenyewe."

Baba Somoe akamuuliza, "Sasa mama, mpaka masika tutalala wapi? Mgongoni kwako?"

"Mgongo wangu ulishauchakaza wewe, tafuta mwingine."

Tulicheka. Mimi moyoni nilikuwa upande wa mama mkwe, mpaka juzi.

Juzi saa sita mchana nilikuwa naanika nguo, Somoe yuko kisimani. Usiogope, mdomo wa kisima umefungwa kwa nondo, hawezi kutumbukia. Akasema, "Shikamoo." Chini kukaitika, "Marahaba." Sauti ya mwanamke mtu mzima, isiyo na haraka. Nikajiambia ni mwangwi tu, shimo tupu lazima liitike. Nikabeba beseni langu nikaondoka. Nimefika mlangoni ndipo nikaliweka beseni chini. Mwangwi unakurudishia ulichokisema, mama. Mtoto alisema shikamoo. Ungerudi na shikamoo.

Baba Somoe sikumwambia. Nilikwenda kwa Bi Esha, jirani yetu wa ukuta huu, yuko barazani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nikazungukazunguka, nikamuuliza kama visima vya huku vinaingia popo.

"Popo hawana adabu ya kuitika," akasema, wala hakuniangalia.

"Kwa hiyo unajua."

"Mtaa mzima tunajua, Mama Somoe. Wapangaji wawili Baba Shaibu aliwaingiza masika, kisima kimejaa, kimya. Kilipokauka walihama na magodoro kichwani. Safari hii ana shida zake, hakuweza kungoja mvua. Ndiyo mkaletwa nyie kiangazi."

Nikataka kunyanyuka, akanishika kanga. Akanieleza kuwa zamani mabomba hayajafika, wanawake wa hapa walikuwa wanateremka bondeni kuchota, wanapanda na ndoo kichwani nusu siku. Yule marehemu alikuwa na kisima hiki na hakuuza hata kata moja ya maji, aliwapa bure. Sharti lake moja. Uamkie, kisha useme jina lako, lako wewe, si la mtoto wako. Alikuwa anasema, kina Mama Fulani wako wengi, mimi nampa maji mtu. Halafu mnakaa chini, anawaita mmoja mmoja kwa jina, njoo na ndoo. Usiyeitwa ujue leo maji hayatoshi, ushike njia ya bondeni.

"Wale wapangaji walikimbia, hawakuamkia," Bi Esha akasema. "Nyumba ya namna hii inunuliwe kiangazi, kisima kikiwa kitupu, mwenyewe akusikie na wewe umsikie. Kamwombe. Mvua ikishaanza kumwaga humo ndani, umechelewa mpaka mwakani."

Basi leo asubuhi, ukungu haujaondoka, Baba Somoe ameshakwenda kazini, nikaenda. Unajua mama, tangu nije huku sijaitwa jina langu. Kwa watu ni Mama Somoe, kwenye cheti cha ndoa ni Zuhura. Chausiku ni la kwako wewe na marehemu bibi, hata mume wangu sijampa. Nilipiga magoti kwenye saruji ya baridi, najiona kama nimeanza wazimu, nikasema, "Shikamoo bibi. Mimi Chausiku. Nina mtoto mmoja mkononi na mwingine tumboni. Naomba tukae kwako." Ndiyo mama, ni miezi minne, nilitaka uwe wa kwanza kujua na sasa bibi wa watu amekutangulia.

Kimya. Hata mwangwi haukurudi, na shimo ni tupu. Nilingoja mpaka ukungu ukaisha nikaona mikorosho yote.

Kwa hiyo nimeshakata shauri. Mtoto anaitikiwa, mimi siitikiwi, nyumba si yangu. Baba Shaibu akija nitamvuta Baba Somoe pembeni nimwambie tuache, nitasingizia maneno ya mama mkwe, tungoje masika. Nililia kidogo wakati nafua, si sana. Nilishakupangia kitanda pale dirishani, uje unipokee mtoto. Tutapata nyingine, mimi bado nina moyo.

Nisije nikasahau salamu. Msalimie baba mdogo aliyenilipia mpaka nikamaliza la saba, mwambie mwandiko ndio huu. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na somo yangu aliyenifunda, mwambie ya jikoni nimeyashika, ya kunyamaza bado. Kuruthumu nawe, usiolewe kabla sijaja.

Wingu limefunga ghafla, nuru imepungua humu ndani, naandika kwa kukisia mstari. Tone la kwanza limegonga bati, sasa la pili. Baba Shaibu bado hajapiga hodi. Somoe amesimama mlangoni na kikombe chake ananiambia, "Mama, unaitwa."

Nimemuuliza nani ananiita, baba? Amesema hapana. Nimemuuliza Bi Esha? Amecheka, ameonyesha uani.

Nimetega sikio. Ni ile isiyo na haraka, mama, na haisemi Mama Somoe wala Zuhura. Imesema Chausiku. Imerudia, Chausiku, njoo na ndoo. Nimeitika abee kabla sijajua kama nimeitika, ngoja nichukue ndoo ni