Sufuria ya Shangazi

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, goti tu linanisumbua nikikaa sana kwenye cherehani. Mdogo wako anakula kama mchwa. Kila anayeleta suruali ya kupunguza namwambia binti yangu anafanya kazi maabara, mpaka fundi viatu wa jirani amechoka kunisikia. Tutumie picha umevaa lile koti jeupe, niibandike dukani.

Baba yako


19 Februari

Baba,

Shikamoo. Goti likande kwa maji ya moto. Mimi nasimama na kutembea, ila aibu imenijaa.

Sina koti jeupe, wala sijaajiriwa maabara. Pale nilikuwa naenda kutoa plazma, yale maji ya damu wanayotengenezea dawa, wananilipa kidogo. Kila ukienda wanakupima uzito na presha, wanakutoboa kidole, wanakuuliza maswali ya chumbani mpaka unatazama chini. Ukipita ndipo unalazwa kwenye mashine.

Juzi muuguzi aliniita pembeni akafunga mlango. Damu yangu imekutwa na homa ya ini. Sitaruhusiwa kutoa tena. Akauliza kama nyumbani kuna aliyeugua ini. Nikamweleza mama alivyokuwa, macho ya njano, tumbo limejaa maji. Akasema inaelekea ni ugonjwa huo huo, na huenda niliupata kwake nilipozaliwa.

Baba, nilimkumbuka shangazi. Alimletea mama supu, na mama alipofariki ukamfukuza dada yako msibani mbele za watu, ukisema kaweka kitu kwenye ile supu. Na mimi nilikuitikia.

Nendeni mkapimwe, wewe na mdogo wangu. Nisamehe kwa uongo.

Binti yako


27 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Kama umekasirika nigombeze, nitavumilia. Niambie tu kama mmepimwa.

Binti yako


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sikukununia. Kila nikishika kalamu naona haya. Tumepimwa, hatuna kitu, tumechanjwa. Dukani nimewaambia ukweli kuhusu kazi yako, na fundi viatu hakucheka.

Ile sufuria shangazi yako aliyoletea supu sikuwahi kuirudisha. Niliifunga kwenye mfuko nikaiweka juu ya kabati, eti ushahidi. Nimeiteremsha, nimeisugua kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka, nikampelekea. Nilipita mlango wake mara kadhaa nikijifanya natafuta nyumba nyingine, mtu mzima mimi. Alipofungua nikamsomea barua yako pale pale kizingitini, maana hakunikaribisha ndani. Nikamwambia nimekukosea, dada. Hakulia, hakunitukana. Alichukua sufuria akachungulia ndani.

"Supu niliionja mbele yako," akasema. "Ulikuwa umesimama hapo hapo."

Kweli, nilikuwepo.

Alipokuwa anafunga mlango aliuliza jambo moja tu, kama umeanza matibabu. Barua yako nimekaa nayo muda wote huu nikijionea haya, na mimi baba yako sijakuuliza hilo.

Umeanza, mwanangu? Nijibu upesi, nikamwambie.

Baba yako