Majibu ni ya Kawaida, Mama

Jumamosi, Julai. Ukungu umetanda tangu alfajiri na Mlima Meru hauonekani kabisa. Hii ni baridi ya kuvaa soksi mbili. Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika hapa sijui nitamwambia nani.

Nyumba nzima ina furaha. Mimi nimebanwa katikati yake kama kitambaa kilichonasa kwenye cherehani.

Alhamisi nilishuka mjini kuchukua majibu ya damu. Daktari ni mama wa makamo, anayesema taratibu. Akanieleza kwamba homoni ya TSH, ile waliyoipima, ni kama sauti ya ubongo ikiiita tezi ya shingoni ifanye kazi. Tezi ikizembea, ubongo unapaza sauti na namba inapanda. Namba yangu ilikuwa juu sana nilipoanza kumwona. Sasa imeshuka, iko kawaida.

"Kwa hiyo nimepona?" nikauliza.

"Hapana, mdogo wangu. Tezi yako bado ni ileile. Namba imeshuka kwa sababu unameza kidonge. Ukiacha, itapanda tena."

"Nitameza mpaka lini?"

Akanitazama kwanza. "Maisha yako yote."

Nina miaka thelathini na mmoja.

Akarudia masharti, nami nikawa naitikia tu: kidonge asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha nisubiri nusu saa au hata saa nzima kabla ya chai. Dawa za kuongeza damu na zile za kiungulia zikae mbali nacho, kwa muda wa saa nne angalau. Nisijipunguzie wala kujiongezea. Nirudi kupima atakaponiambia.

Nilipanda nyumbani nikiwa na maneno yote hayo kichwani. Mama alikuwa ananisubiri getini, mikono ina unga. Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri.

"Majibu?"

"Ni ya kawaida, mama."

Nilikuwa navuta pumzi niendelee. Mama akapiga kigelegele. Akanikumbatia akalia, na kabla sijavua viatu alishawapigia simu akina mama wa jumuiya kwamba Elinipa amepona, Jumapili tunakwenda kutoa shukrani.

Nikanyamaza. Mtu angeuona uso wake angenielewa. Huyu ndiye aliyenitoa kwenye chumba changu cha kupanga kule Daraja Mbili, mjini, nilipokuwa siwezi hata kuchana nywele, zinatoka na kitana, uso umevimba, sauti nzito kama ya mwanamume, wateja wananidai nguo nami nimelala juu ya cherehani. Watu walisema nina uvivu. Mama alisema, "Mwanangu anaumwa." Amenilisha, ameniombea, amefunga siku ambazo hata mimi sizijui. Ningeanzia wapi kumwambia kwamba haijaisha?

Ijumaa akina mama walikuja kusali. Waliimba, wakanishika mikono. Mama Ndeshi, anayeuza ndizi pale Maji ya Chai, alinivuta pembeni. Yeye alipasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingo, tezi yote ikatolewa, na anameza vidonge kama vyangu.

"Mwanangu, umenitia moyo," akasema. "Kama Mungu amekuponya wewe, hata mimi nimeamua. Leo asubuhi sijameza."

Nilipaswa kumjibu palepale. Mama alikuwa nyuma yangu na sinia la chai, anacheka. Nikatabasamu tu.

Nikatabasamu!

Usiku wa jana sikulala vizuri. Leo asubuhi mama akaniletea chai ya maziwa kitandani, akasema kuanzia sasa ninywe nikiamka tu, kama watu wengine, mambo ya kusubiri yamekwisha. Nikasema asante, nikaiweka chini. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda bombani kumeza kidonge changu huku nimelipa zizi mgongo, kama mwizi.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama na ndoo ya kukamulia.

"Unameza nini?"

"Dawa, mama."

"Dawa ya nini, na umepona?"

Ndipo nikamwambia. Nilimweleza yote, hata sauti ya ubongo, hata kile alichosema daktari kuhusu maisha yangu yote. Nilisema haraka haraka nisije nikaogopa. Mama aliweka ndoo chini. Ng'ombe analia, hakumjali.

"Ulisema ni kawaida."

"Ni kawaida kwa sababu ya kidonge, mama. Nikiacha nitarudi kulekule."

"Mbona hukusema Alhamisi?"

"Ulikuwa na furaha."

Hapo sikumwelewa usoni. Nilidhani atalia, au atanigombeza kwa aibu nitakayomtia kanisani. Mkungu wa ndizi na jogoo vimeshaandaliwa, katibu wa usharika ameshaandika jina letu. Nikaona nimmalizie na lile lililobaki, nikamwambia kuhusu Mama Ndeshi.

Mama akatupa aproni juu ya uzio, akajifunga kitenge. "Vaa viatu. Tunakwenda sasa hivi. Huyo hana tezi kabisa, asisubiri kuyasikia kanisani."

Tulimkuta Mama Ndeshi jikoni anamenya ndizi. Mama hakuzungukazunguka. Alimwambia, "Mwanangu hajapona, dawa ndiyo inamshikilia, na wewe chukua yako." Mimi nikaongeza ya daktari, nikamwomba msamaha, nikamwambia kesho asubuhi ameze dozi yake ya siku zote, kabla ya chai, na wiki ijayo nitamsindikiza kliniki akaulize mwenyewe.

Alitusikiliza akiendelea kumenya. Kisu hakikusimama. Halafu akasema taratibu, bila kututazama:

"Nitameza. Ila nilikuwa nimeshaanza kufurahi."

Mama alivuta kigoda akakaa, akachukua kisu kingine, akaanza kumenya naye. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni.

Sasa ni saa kumi jioni. Tumerudi, mama yuko jikoni. Shukrani hajaiahirisha. Amesema tu kwamba kipaza sauti nitashika mimi, kwa kuwa mwenye shingo ndiye mwenye habari. Kanisa zima linasubiri kusikia nimepona, na nikitoka pale, Jumatatu kidonge kinanisubiri, na Jumanne, na miaka yote ambayo Mungu atanipa.

Ninajaribu kutafuta sentensi ya kwanza. Siipati.

Mtu anashukuruje kwa kitu ambacho hakitaisha?