Mji Nilioufuta kwa Mchanga

Katoro

Marahaba, mjukuu wangu Kulwa. Bibi yako hajambo, na ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Unauliza kama nimewahi kuusikia mji wa Glasgow, huko Uskochi unakosoma. Meli niliyofanyia kazi ujanani, ya Mwanza na Bukoba, iliundwa huko, ikaletwa vipandevipande na kuungwa ziwani. Kwenye injini palikuwa na kibao cha shaba chenye jina la mji huo. Nilikisugua kila siku kwa mchanga na majivu, kama sufuria ya ugali, mpaka herufi zikafutika.

"Masanja, umefuta mji wa watu!" akasema fundi mkuu. Nikajua kazi sina. Kumbe akaniandikia jina lile kwenye karatasi, akanipa msumari nilichonge upya.

Shule sikwenda. Neno la kwanza nililoandika maishani ni jina la mji unaokaa.

Babu yako,
Masanja