Kifuko Kilichorudi Kooni

Mjukuu wangu Kokushubira,

Habari za Dodoma? Sisi huku Ijumbi hatujambo. Mama yako anaanika kahawa.

Unauliza kama nitakubali kupasuliwa tena. Nimechanganyikiwa. Hiki kifuko kinachonasa chakula kooni kilikatwa nikiwa msichana, na sielewi kimerudije.

Nakumbuka uji wa kwanza baada ya upasuaji ule. Mama yangu alinikazia macho shingoni, akauliza, "Umepita?"

"Umepita, mama."

Akaketi sakafuni, akaunywa uliobaki kwa pupa. Kumbe tangu niugue, chakula kilikuwa hakimpiti hata yeye.

Siku hizi mama yako hunitazama nikila, na sahani yake haiguswi. Maelezo ya daktari bado siyaelewi, lakini Jumatatu tunakwenda Bukoba nikapasuliwe.

Akupendaye,
Bibi yako