Simu Iliyodhani Sambaza Ni Kutawanya

Mpendwa Maman Christine wa redio, nishike mkono, nakuandikia nikiwa dirishani, ukungu umelala juu ya ziwa na mimi sijui kama nimeamka au bado naota, maana tangu ijulikane kuwa samaki humvimbisha binti yangu Ornella, kila kitu naiuliza simu, ile akili bandia inayojibu kwa sauti, na sauti yenyewe ni tulivu mno, hofu inanitoka kabla sijaelewa imesema nini, wamama wa mtaa nao wakaanza kuja, wakaniita dokta Pascaline, na mimi, kusema kweli, nikapenda.

Juzi mama mkwe Rosalie alileta unga wa sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu, kutoka Kalehe, nikajiambia tilapia ndiyo samaki, sambaza ni vitu vidogo tu, nikaiuliza simu kama naweza kumpa mtoto uji na sambaza, ikajibu, "Ndiyo, sambaza uji kwenye sahani upate kupoa," mama mkwe akasema, "Ile telefone haikusikia muzuri, usimupe mutoto," lakini mimi nilikuwa tayari naelea, nikampa, midomo ikavimba, pumzi ikaanza kupiga filimbi, tukakimbia naye hospitali, wakamchoma sindano, Mungu akamrudisha.

Sasa jirani yangu Adèle anamleta mtoto wake Chris kesho, karanga zilimtoa vipele, ameniambia, "Dokta, uliza telefone kama naweza kumujaribisha tena kidogo, miye niko naamini weye," naye hajui yaliyompata Ornella, watu wote niliwaambia ni malaria, nikisema kweli watanicheka, na hawana pengine pa kuuliza. Nifanye nini?

Pascaline, Bukavu

Pascaline mwanangu, pole. Pole ya kwanza ni ya Ornella, yako itasubiri kidogo.

Mama mkwe alikuonya kwa maneno mepesi, ukamwacha ukafuata sauti tamu. Huko pwani na vitabuni, kusambaza ni kutawanya, na mashine ilijifunza Kiswahili hicho. Haijawahi kununua sambaza sokoni Kadutu. Ilikujibu habari ya sahani, wewe ukasikia ruhusa. Siichukii, inaweza kukusaidia kuandaa maswali ya daktari. Lakini mtoto alipokosa pumzi, haikumbeba. Aliyembeba ni wewe, kwa hiyo na wa kuwajibika ni wewe.

Hiyo malaria yako ndiyo imeniudhi kuliko simu. Unasema wamama hawana pengine pa kuuliza. Basi utawadanganyaje watu wa namna hiyo? Kuchekwa hakuvimbishi midomo.

Usingoje kesho. Nenda kwa Adèle leo, simu iache nyumbani. Asimjaribishe Chris karanga hata punje moja. Muende pamoja kwa daktari, kila mama na mtoto wake, na umtajie vyakula vya Ornella kwa majina ya hapa kwetu, umweleze kila kimoja ni nini. Midomo ikivimba au pumzi ikibadilika, ni hospitali moja kwa moja, bila kuuliza mashine wala jirani.

Na Adèle akikuita dokta tena, mwambie hivi: "Miye ni mama Ornella, na mutoto wangu sambaza ilimuvimbisha." Usiongeze neno. Atakuelewa, yeye ni wa hapa.