Miti Kumi na Mmoja ya Kona ya Chemchemi

Dodoma,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako Dada Cecilia,

Shikamoo dada yangu. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri na lile goti limepunguza kukusumbua. Watoto je, Yoeli hajambo? Na Queen, kikohozi kimemwachia? Mimi mwilini sijambo. Huku upepo ni mkali mwezi huu, midomo inapasuka, na ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, naitamani mpaka naiota. Barua hii anaileta Benedikto, dereva wangu, anayekuja Newala kumwona mkewe aliyejifungua. Nimemwagiza akupe mkononi mwako, asiiache kwa jirani.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Wiki hii nimekupigia mara tatu. Kila nilipotaka kusema nilichokusudia, nilijikuta nauliza habari za mbaazi, nawe ukanijibu kwa upole wako ule ule, tukaagana. Kwenye karatasi hakuna pa kukimbilia.

Dada, nimechoka. Watu wanafikiri mbunge anachoshwa na vikao, safari na kuombwa misaada. Hayo nimeyazoea. Nimechoka kuitwa mtetezi. Ukinivumilia nitakueleza, ingawa mwanzo wake unaujua.

Unakumbuka bajeti ya mwaka jana, mwezi Mei. Wahandisi walitaka kutengeneza ile barabara ya mteremkoni, tunakopita tukitoka Newala kwenda Masasi, na walipanga kufyeka miti ya pembeni ili madereva waonane kwenye kona. Nilisimama nikapinga. Nilipewa dakika tano. Nilieleza jinsi wewe na mimi tulivyokuwa tukishuka bondeni na ndoo alfajiri, tukapanda na maji kichwani hadi shingo zikafa ganzi, na kwamba miti ile ikiondoka, chemchemi itaondoka nayo. Wabunge waligonga meza. Serikali ikakubali kusimamisha kazi mpaka tathmini ya mazingira ifanyike. Niliporudi Kitangari nililakiwa kwa vigelegele, na pale Mkunya wewe mwenyewe ulinichinjia jogoo.

Kuhusu msitu ule nilisema kweli, na hadi leo sijabadilika. Mlima ule ukibaki mtupu tutakunywa vumbi.

Novemba ndipo shemeji Reginald alipofariki. Sikukumbushi ili nikuumize. Alikuwa anatoka Masasi na pikipiki yake, amebeba vitabu vya watoto wa Jumapili, akakutana na lori la korosho pale kwenye kona ya chemchemi. Yule dereva wa lori aliwaambia polisi, huku analia, kwamba hakuona kitu ila majani, kisha akaiona pikipiki iko mbele yake. Msibani uliwaambia waombolezaji wasimlaani dereva, kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Nilikuwa nimekaa nyuma yako kwenye mkeka. Nilikushika bega.

Mwezi Februari nikasimama tena bungeni, safari hii kuhusu usalama barabarani. Nilidai alama, vizuizi vya pembeni, malori yapimwe breki kabla ya kushuka mlimani. Nilimtaja katekista mmoja aliyekufa akiwa na vitabu vya watoto, machozi yakanitoka. Ile video ilisambaa kwenye simu za watu. Nawe ukanipigia ukasema, "Ahsante mdogo wangu, umemsemea." Tangu siku hiyo, dada, chakula nakila lakini sisikii ladha yake.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Agosti ile, miezi mitatu kabla ya kifo chake, shemeji alinifuata ofisini kwangu Masasi. Hukujua. Alikuja na karatasi ya daftari aliyochora mwenyewe, ile kona pamoja na kila mti. Aliniambia amepapima kwa miguu, na kwamba miti inayoficha njia ni kumi na mmoja tu, yote iko upande wa juu wa barabara, mbali na maji. Alisema kila wiki anapita pale akiwa ameshika roho mkononi, na msimu wa korosho ukianza malori yatakuwa mengi. Alisema, "Shemeji, mimi sikuombi msitu. Nakuomba kona."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ametumwa na wapasua mbao. Nilijua si kweli. Nani angemtuma Reginald? Lakini wiki hiyo hiyo nilikuwa nimealikwa kuzungumza kwenye kongamano la mazingira, na picha yangu nimesimama chini ya miti ile ile ilikuwa imechapishwa kwenye kalenda. Niliona nikigeuka, hata kwa miti kumi na mmoja, watanicheka.

Hakubishana. Alikunja karatasi yake, akaniachia mezani, akasema ataniombea. Alipofika mlangoni nikamwomba asikwambie, tusije tukavuruga nyumba. Akasema sawa. Nawe unamfahamu, akisema sawa ni sawa.

Mhandisi naye alinipigia mwezi Septemba. Alisema nikikubali kwa maandishi kwamba sina pingamizi kwa kona ile peke yake, wataomba kibali waifyeke kabla ya msimu, na msitu uliobaki hautaguswa. Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri, dada. Niliacha siku zipite.

Kwa hiyo yale machozi ya Februari yalikuwa ya kweli, ila maneno hayakuwa yote. Nililia mbele ya nchi nzima kwa ajili ya mtu ambaye nilikataa kumsikiliza akiwa amekaa mbele yangu.

Alhamisi, kama saa tano asubuhi, nimepangiwa kuchangia. Nitayasema haya yote, na nitaomba ile miti kumi na mmoja iondolewe na mingine yote iachwe. Mheshimiwa Abrahamu, mbunge ninayekaa naye ukumbini, amenisihi nisithubutu. Anasema nitajimaliza, uchaguzi utakuja na hakuna atakayekumbuka nia yangu, watakumbuka kosa tu. Huenda anasema kweli. Lakini kazi ninayoogopa kuipoteza ndiyo iliyonifanya nimfukuze shemeji yangu, basi nimeona nisiitetee tena.

Sikutaka uyasikie redioni umezungukwa na watu. Ndiyo maana nimemhimiza Benedikto afike Jumanne.

Sikuombi unisamehe kwa barua, ingekuwa kujirahisishia. Nataka ujue jambo moja ambalo nilikunyima. Pale msibani ulisema laiti marehemu angekuwa mtu wa kusema, kwamba alikuwa mpole mno, kila kitu alikiacha kipite. Si kweli, dada. Mumeo alisema. Alipanda pikipiki mpaka Masasi, akangoja kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, akasema kwa adabu na kwa ushahidi. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi. Karatasi yake ninayo, nimeiweka humu ndani ya bahasha. Ni mwandiko wake, ni haki yako na watoto. Kuwaeleza au kutowaeleza, hilo nakuachia wewe.

Nisalimie Mchungaji na kina mama wote wa umoja. Wanao wabusu kwa ajili yangu, kama bado utapenda.

Jumamosi nitafika Mkunya. Nitakuja peke yangu, bila gari la bendera. Nikikuta umefunga mlango sitabisha mara ya pili. Nitakwenda kwanza kaburini kumwambia shemeji kwamba kona yake nimeiomba, ingawa nimechelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Selestina