Majani Yalivyonipita Kimo

Buzebazeba, Alhamisi

Kumbe jirani yangu Anastazia alijua tangu mwanzo.

Ile mbolea ya chumvichumvi tuligawana, tukaitia kwenye majani ya tembo ya kulisha ng'ombe siku moja, yeye upande wake wa ua, mimi wangu. Bwana mifugo alipokuja kutuelekeza, nilikuwa nimekwenda ufukweni kumpokea dada yangu aliyekimbia Burundi. Nikamwomba Anastazia anisikilizie.

"Kasema tuyaache tu yakue," aliniambia.

Yangu yakakua mpaka yakanipita kimo. Leo ng'ombe wangu Bihogo kayanusa, kayasukuma kwa pua, kaacha. Maziwa hayakujaza hata kikombe. Watoto wa dada wamelala na uji mtupu.

Bwana mifugo nimemkuta sokoni Mwanga. Kashangaa. "Mama, nilisema yenye mbolea hukua haraka, yakatwe yakifika kiunoni, yakiwa laini. Yakikomaa ni vijiti, lishe hamna."

Na wateja wangu wa maziwa sasa wanapita kwa Anastazia! Nilikuwa nikichungulia majani yake, naona mafupi, nadhani yamedumaa. Nikamhurumia, nikampa na samadi.

Naye kila asubuhi anasimama uani: "Dada, majani yako yanapendeza."